Kuosha Vyombo Songea: Maji, Majivu na Mikono ya Nani?

Kila tunapozungumzia vyombo, maswali huwa ni yale yale: sabuni ipi inakata mafuta, sponji ipi haikwaruzi, sinki la namna gani linafaa. Leo tunauliza jingine. Vyombo vilioshwaje kabla ya sabuni ya dukani na kabla ya sinki? Na aliyekuwa akiviosha ni nani? Ili tusitangetange dunia nzima, tumechagua mji mmoja tu: Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania Bara.

Wapo watakaouliza, sisi watu wa visiwani Songea tunaitakia nini. Sababu ni mbili. Ya kwanza, historia ya maji na sabuni ya mji ule inafanana na ya miji mingi ya nchi yetu, na inaeleza tabia ambazo bado tunazo bila kujua zilikotoka. Ya pili ni nzito zaidi. Zamani sahani za visiwani na watu wa kusini walikutana kwenye njia moja ya misafara, na mkutano ule haukuwa wa heri. Tutafika huko.

Kwanza neno lenyewe. Sisi Unguja tunasema kukosha vyombo, wenzetu wa Songea wanasema kuosha. Sisi tunafungua mfereji, wao wanafungua bomba. Humu tutatumia maneno yao, kwa kuwa hadithi ni yao.

Mji ulio karibu na chemchemi

Songea iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki wa mji inasimama milima ya Matogoro, na huko ndiko Mto Ruvuma unakoanzia safari yake ya zaidi ya kilomita 700 hadi Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya njia ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mvua huko ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na Juni na Julai baridi huwa kali hata maji ya ndoo yanauma vidole.

Mtu akisikia kwamba mto mkubwa unaanzia jirani atadhani maji hayakuwa shida. Lakini maji ya mtoni na maji ya jikoni ni vitu viwili tofauti. Kati yake kuna mteremko, mtungi na kichwa cha mwanamke. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Anayebeba uzito huo kila siku hawezi kuyamwaga maji ovyo, maana maji yakimwagika hayazoleki. Tabia nyingi za kuosha vyombo tutakazozitaja zilizaliwa hapo: katika hesabu ya mtu anayejua kila kata ya maji imemgharimu hatua ngapi.

Chungu, majivu na jani la msasa

Kabla ya sufuria kulikuwa na chungu cha udongo. Maji yaliwekwa mtungini, yakachotwa kwa kata ya kibuyu. Chakula kilipakuliwa kwenye vyombo vya miti, vibuyu na vyungu vidogo. Vyombo hivi vina masharti yake. Chungu cha udongo kina vinyweleo vinavyofyonza kinachowekwa ndani, kwa hiyo huwezi kukisugua kama bati. Hulowekwa, hufutwa kwa jani au kwa mkono, husuuzwa, kisha hurudishwa karibu na moto au juani kikauke kabisa. Chungu kilichofunikwa kikiwa na unyevu huota ukungu, na chakula cha kesho huanza kunuka leo. Kibuyu nacho, mtu huweka maji na changarawe ndani, akatikisa, akamwaga.

Kwa vyombo vinavyostahimili kusuguliwa, yalikuwapo majivu. Majivu ya kuni yana chumvi za magadi ambazo zikikutana na mafuta na maji hufanya kazi ileile ya sabuni. Ndiyo maana mkono wenye majivu ukisugua chombo chenye mafuta huanza kuteleza: hapo hapo sabuni kidogo inatengenezwa. Chembe zake nazo hukwangua masizi. Kwa hiyo bibi aliyesugua kwa majivu hakuwa akifanya kitu cha kubahatisha. Alitumia dawa iliyokuwa mekoni kila asubuhi, bure.

Vya kusugulia vilikuwa vingi: dodoki lililokaushwa, maganda ya mahindi, mchanga, na huku kwetu pwani makumbi ya nazi. Liko pia jani la msasa, jani gumu lenye kukwaruza ambalo mafundi wa mbao walilitumia kulainisha kazi zao, hata karatasi ya kusugulia mbao ikaja kuitwa kwa jina la mti huo.

Sahani zilizopita njia ya Kilwa

Tazameni majina ya vyombo vyetu. Chungu, mwiko, maji na majivu ni maneno ya Kibantu ya siku nyingi. Sufuria, sahani, birika na sabuni yana asili ya Kiarabu. Meza ni ya Wareno. Beseni na sinki ni ya Waingereza. Anayeosha vyombo leo anataja karne kadhaa za biashara bila kuondoka kwenye kibao chake.

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilifika Ungoni, yaani nchi ambayo leo ndiyo Songea na majirani zake. Wangoni walikuwa wametoka Afrika Kusini. Chini ya Zwangendaba walivuka Mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya miaka mingi baadhi yao wakaweka makazi katika nchi hii na kuanzisha falme mbili, Njelu na Mshope. Waliwakuta na kuwaingiza katika jamii yao Wandendeule, Wamatengo na wengineo. Njia ya misafara iliunganisha Ziwa Nyasa na Kilwa ikipita katika ukanda huo, na wafanyabiashara wa pwani waliweka vituo hata ndani ya Ungoni. Nguo, shanga na bidhaa nyingine za ng'ambo zilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Na watu waliteremshwa pia.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Kilwa ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa ya ukanda huu, na wengi waliopitishwa hapo walitoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi za kusini. Wengi walivushwa hadi Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Mwaka 1886 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha Ujerumani kumbukumbu za maisha yake, na humo aliieleza kasri ya Mtoni kuwa ilikaliwa na watu wapatao 1,000. Tufikirie sahani za watu 1,000. Tufikirie pia ni nani aliyechuchumaa kuziosha.

Tunapenda kuonyeshana vyombo vya kauri vya mabibi zetu, vile vya maua ya buluu vilivyopangwa kwenye zidaka za ukutani. Ni vizuri, na ni sehemu ya historia yetu. Lakini kauri haikujiosha. Mikono mingi iliyoitunza bila kuivunja haikuwa imekuja kwa hiari, na baadhi yake ilizaliwa karibu na maji yale ya kusini tuliyoyataja.

Jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Mwaka huohuo wa 1886, huko Illinois, Marekani, mama mmoja tajiri aitwaye Josephine Cochran alipewa hataza ya mashine ya kuoshea vyombo, na mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago. Inasimuliwa kwamba kilichomkera ni watumishi kumegua kingo za sahani zake za kauri. Hata mashine, basi, ilianza kwa kuzionea huruma sahani.

Vita, njaa na meko yaliyozimika

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata wamisionari Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho, si mbali na mji. Kodi na kazi za shuruti zikafuata. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilivyoanzia upande wa Matumbi vikafika Ungoni. Jina la vita hivyo ni maji: dawa ya maji ambayo watu waliamini ingewakinga na risasi.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni hapo Songea. Mji unaendelea kuwakumbuka kila Februari, na Makumbusho ya Majimaji yapo mahali pa kumbukumbu hiyo. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa. Anakumbukwa pia mwanamke kiongozi, Mkomanile, aliyenyongwa pamoja na wanaume.

Lakini vita kwa wanawake wengi havikuwa vya bunduki. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, maghala na mashamba ili njaa imalize kile ambacho risasi haikumaliza. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika eneo lote la vita walikufa watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Historia ya jiko ina ukurasa huu pia. Anayekimbilia porini na mtoto mgongoni habebi mtungi. Kaya zilizosalia zilianza upya na chungu kimoja, na pengine bila cha kuweka ndani yake. Mpaka leo katika nyumba nyingi kukomba sufuria, kula ukoko na kutotupa mabaki kunahesabiwa kuwa adabu. Adabu hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukijua njaa iliyopita.

Sufuria za bati, boi na manamba

Wakati wa Waingereza Songea ilianza kulima tumbaku ya kuuza, na majirani zao Wamatengo wakalima kahawa. Pesa ikaingia kidogo kidogo, na pamoja nayo sufuria, vikombe na sahani za bati zilizopakwa rangi. Vijana wengi wa Kingoni walikwenda mbali zaidi kutafuta pesa, hasa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako vibarua wa mkataba walijulikana kama manamba. Kambi zile zilijaa wanaume walioacha wake zao nyumbani. Hapakuwa na mama wala dada wa kuwaoshea. Aliyepika alisugua sufuria yake.

Na huko mjini, katika nyumba za Wazungu na matajiri wengine, aliyeosha vyombo kwa mshahara alikuwa mwanamume. Aliitwa boi hata akiwa na mvi. Katika Tanganyika ya kikoloni kazi za ndani zilikuwa kwa sehemu kubwa ajira ya wanaume: wao walipika, walifua, walipiga pasi, waliosha bilauri na kuzipanga. Ni baadaye, hasa baada ya uhuru, ndipo kazi hiyo ilipogeuka polepole kuwa ya wanawake na wasichana, na ujira wake ukabaki duni.

Tunaomba wasomaji wetu waishike habari hii. Tukiambiwa kwamba mkono wa mwanamume haukuumbwa kwa ajili ya vyombo, historia ya nchi yetu inakataa. Mkono huo uliosha kwa miaka mingi, ulipokuwa unalipwa au ulipokuwa peke yake.

Sufuria ya bati ilileta kazi mpya. Ilipika haraka, haikuvunjika, lakini iliota masizi meusi juu ya kuni. Kinamama wakabuni njia ambayo bado inatumika: kabla ya kuinjika, unapaka nje ya sufuria majivu yaliyolowekwa au udongo mwembamba. Masizi hushika kwenye udongo badala ya bati, na baada ya kupika yote hutoka kwa kusuuza mara moja. Dakika moja kabla ya kupika inaokoa dakika kumi za kusugua.

Mtu ni Afya na kichanja cha vyombo

Baada ya uhuru serikali ililiona suala la maji kuwa la taifa. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 uliolenga kila kaya ya kijijini ipate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lengo hilo halikutimia kwa wote, lakini hebu tuchukue hesabu yake. Hata ukiwa mita 400 kutoka kwenye maji, kwenda na kurudi ni mita 800. Ndoo tano kwa siku ni kilomita 4, nusu yake kilo 20 zikiwa kichwani. Hilo ndilo lililokuwa lengo. Walio nje yake walitembea zaidi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ambayo wazee wetu bado wanaikumbuka kwa jina: Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vijitabu, wakafundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadili. Mada zilikuwa malaria, kichocho, minyoo, kifua kikuu, kuhara damu na usafi wa maji. Miaka hiyohiyo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, nyumba zikajengwa karibu karibu, na uchafu wa jirani ukawa jambo la kila mtu.

Katika mafundisho ya afya ya vijijini kuna kifaa kimoja ambacho tunadhani hakijapewa heshima yake: kichanja. Nguzo nne, fito juu, na vyombo vilivyooshwa vinafudikizwa hapo juani. Afisa afya akipita nyumba kwa nyumba, kichanja ni miongoni mwa vitu anavyovitazama, pamoja na choo na shimo la taka.

Kinafanya kazi kwa sababu nne. Kinaviweka vyombo juu, mbali na kuku, mbwa na watoto wanaotambaa. Kinaruhusu maji yachuruzike badala ya kutuama ndani ya kikombe. Upepo na jua huvikausha, na vijidudu vingi vya kuharisha havipendi ukavu wala jua. Na kubwa kuliko yote, kinaondoa haja ya kitambaa. Kitambaa kibichi kinachofuta sahani kumi kinachukua uchafu wa ya kwanza na kuugawia tisa zilizobaki. Fito zile, zisizogharimu hata senti, zinafanya kazi ambayo tunanunulia taulo na kabati.

Hapa ndipo kuosha vyombo kunapokuwa suala la uhai. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoani na ukafika hadi Zanzibar. Ugonjwa ule unaenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Kikombe kilichosuuzwa kwa maji machafu kinatosha kuupitisha.

Miaka ya foleni ya sabuni

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei na uchumi kuyumba vilifanya sukari, nguo na sabuni ziwe vitu vya kupangiwa foleni. Mche wa sabuni ulikatwa vipande vidogo, ukafungiwa kabatini. Watu walifulia majani ya mpapai. Na vyombo vilirudi kwenye majivu.

Songea ilikuwa mbali na bandari na haikuwa na reli. Barabara ya lami kutoka Makambako ilifika katika miaka hiyohiyo ya 1980, na biashara ilipofunguliwa baadaye, malori yalileta mabeseni ya plastiki, sabuni ya unga na stili waya. Kilichotuvutia ni kwamba majivu hayakuondoka. Hadi leo kuna mama mwenye sabuni ya maji kwenye chupa na bado anaweka kopo la majivu uani kwa ajili ya sufuria. Aliyewahi kukosa hasahau njia ya pili.

Utaratibu wa mabeseni

Siku hizi Songea ina mamlaka yake ya maji, SOUWASA, na nyumba nyingi mpya zinajengwa na sinki jikoni. Hata hivyo bomba la uani, kibao cha kukalia na mabeseni bado ndiyo "sinki" la familia nyingi, na wenye sinki la kweli huweka mabeseni ndani yake. Utaratibu wenyewe uko hivi, nasi tunauandika kwa sababu unafaa popote, hata kwetu ambako maji ya mfereji hukatika:

Wakati watu wanakula, sufuria ya maji inawekwa juu ya makaa yanayokufa. Wakimaliza, maji ya moto yako tayari bila mkaa wa ziada. Katika baridi ya Julai hii ni rehema, na mafuta huyeyuka kwa urahisi.

Mabaki yanakombwa kwanza na kwenda kwa kuku. Sufuria ya ugali inalowekwa mara tu baada ya kupakua. Ukoko uliolowa hubanduka wenyewe. Ukoko uliokauka ni adhabu.

Mabeseni ni matatu: la sabuni, la kusuuza kwanza, la kusuuza mwisho. Bilauri na vikombe vinatangulia, kisha vijiko, sahani, mabakuli, na mwisho sufuria. Kisafi hakifuati kichafu. Ukianza na sufuria ya mchuzi, vikombe vyote vitanukia samaki.

Maji ya kusuuzia mwisho hayamwagwi. Yanakuwa ya kusuuzia kwanza kwa zamu ijayo, au yanalowekea sufuria. Yale ya sabuni hafifu yanakwenda kwenye mgomba. Mabeseni matatu ya lita 5 ni lita 15, hazifiki ndoo moja. Bomba lililoachwa wazi likitoa lita 6 kwa dakika, dakika kumi za kuosha ni lita 60, yaani ndoo tatu. Anayelipa bili aihesabu hiyo. Aliyewahi kubeba ndoo hahitaji kuhesabiwa.

Na vyombo havilali. Kila nyumba ina sababu yake ya kuwaambia watoto, nyingine za kutisha. Sababu ya wazi ni mende, panya na harufu ya asubuhi.

Kuna pia vyombo vya shughuli. Panapotokea harusi au msiba, sahani na sufuria huazimwa mtaa mzima, na kila mwenye chombo hukitia alama ya rangi chini yake ili kisipotee. Baada ya watu kula, wanawake hukaa duara kubwa uani: mmoja anakomba, mwingine anasugua, mwingine anasuuza, mwingine anapanga. Songea ni mji wa makanisa na misikiti, na kwenye duara lile hakuna anayeulizwa dini yake. Wengi wamejifunza kufarijiana hapo, mikono ikiwa ndani ya povu, kuliko kwenye viti vya mbele.

Mikono ya nani?

Sasa tuseme tulichokusudia. Tukiitazama historia hii kutoka chungu hadi sinki, ustadi wa kuosha vyombo haukubadilika sana: loweka, sugua, suuza, kausha. Kilichobadilika ni umbali wa maji na mtu aliyeachiwa kazi. Mara zote kazi ilishuka kwa yule aliye chini zaidi nyumbani. Alikuwa mtumwa, akawa boi, akawa mke mdogo, na leo mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini. Huku kwetu tunamwita mtumishi, Bara wanamwita dada wa kazi. Baadhi yao bado wanatoka mikoa ya kusini, wanavuka bahari ileile, na wanakuta sahani zetu zinawasubiri.

Tofauti ni kwamba yeye amekuja kwa makubaliano, na makubaliano yana haki. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani, na hapa nchini wafanyakazi hao wana chama chao, CHODAWU. Lakini haki haianzii kwenye mkataba. Inaanzia kwenye maji ya moto siku ya baridi, kwenye kibao cha kukalia, kwenye mshahara unaotoka tarehe yake, na kwenye sahani yake mwenyewe inayokaa kabati moja na zetu. Nyumba inayomtengea binti wa kazi kikombe chake cha pembeni kama mwenye ugonjwa ijiulize desturi hiyo imeirithi wapi.

Na watoto wetu wa kiume, tuwape zamu. Babu zao walisugua sufuria zao kwenye kambi za mkonge na hawakupungukiwa na kitu. Kijana anayejua kuosha sahani yake atamheshimu atakayeiosha siku asipokuwapo.

Kwa hiyo tuyabakize yote yenye akili katika urithi huu: majivu, mabeseni matatu, kichanja, maji yanayotumika mara mbili. Tuliache moja tu, lile la kudhani kwamba kuosha vyombo ni kazi ya mtu duni. Nyumba ikishamaliza kula, kila aliyekula ana mkono.